Miezi 9 au miezi 12? Mkivutana na mwenye nyumba juu ya muda wa mkataba, ipi ikufae

Ugomvi wenyewe karibu kila mara ni ule ule. Mwanafunzi anasoma miezi 9, mwenye nyumba mwaka wake una miezi 12. Mmoja anasema nikimaliza mitihani naondoka zangu, mwingine anamjibu we ondoka tu, ila kodi isisimame. Basi hapo zinaanza meseji ndefu ndefu zenye maneno ya kisheria ambayo hakuna hata mmoja kati yao anayeyaelewa, wiki mbili zinaisha watu wamenuniana, kumbe kinachogombewa ni kitu kimoja tu: ile miezi 3 ya likizo chumba kikiwa kitupu, nani anakilipia?

Ukishaliona hivyo jambo lenyewe linakuwa jepesi kidogo, maana huulizi tena "mkataba mrefu au mfupi", unauliza huo mzigo wa miezi mitupu tunaugawana vipi. Mimi niliungua mara moja nikiwa chuo, stori yake ntaisema huko chini, na toka hapo nimekuwa mtu wa kupelekewa mikataba na wadogo zangu na marafiki zao niwasomee kabla hawajasaini. Sio mwanasheria jamani, msije mkaninukuu mahakamani. Ila nimeona ya kutosha.

Kwanza hesabu, maana wengi wanaanza na hasira

Tuchukue kodi ya mwezi ni 100, ya nini haijalishi, ni namba ya mfano tu. Mkataba wa miezi 12 unakula 1200. Sasa mwenye nyumba anakwambia sawa nakupa miezi 9 lakini kodi inapanda iwe 120. Watu wengi hapa wanakasirika wanaona wanaibiwa, ila piga hesabu: 9 mara 120 ni 1080. Bado umeokoa 120. Kwa kweli mpaka kodi ifike 133 kwa mwezi ndo mkataba wa miezi 9 unakaribiana na ule wa 12 (9 mara 133 ni 1197), kwa hiyo chini ya ongezeko la theluthi moja we ndo unayefaidi, hata kama namba ya mwezi inakuuma ukiitazama. Hiyo ni kama kweli huna haja na chumba wakati wa likizo. Kama unabaki kwa ajili ya fildi au kibarua basi habari ni nyingine kabisa, chukua 12 ulale usingizi.

Na upande wa mwenye nyumba nao uutazame, maana ndo utakaokupa maneno ya kumwambia. Kwa 1080 yeye amekosa 120 tu. Akipata mtu wa miezi 2 tu katika ile 3 ya likizo, kwa kodi ya kawaida, tayari ana 1280, amezidi alichokuwa anakitaka. Mwambie hivyo, tena mpe na namba zake kwenye karatasi. Sikuhakikishii kwamba atakubali, ila mtu aliyekuwa anasema "haiwezekani" huwa anaanza kusema "ngoja nifikirie", na hiyo ni hatua.

Miezi 12 kamili ukiiweka pembeni ya miezi 9 ya kodi ya juu

Uzuri wa 12 ni kwamba hakuna anayekugusa. Chumba ni chako, vitu vyako viko pale pale, hubebi godoro na ndoo na jiko kwenda kuvihifadhi kwa mtu halafu unarudi unakuta nusu havipo, na mwaka unaofuata huanzi tena kuzunguka juani kutafuta chumba na umati wote wa wanafunzi wapya. Hilo la mwisho watu hawalihesabu. Ukiwa na chumba kizuri karibu na chuo, kukiacha miezi 3 maana yake unakiacha moja kwa moja, usijidanganye kwamba utakikuta.

Ubaya wake unaujua, unalipia hewa.

Miezi 9 unalipa pale unapolala tu, ila tarehe ya mwisho ni ukuta. Chuo kikisogeza mitihani wiki 2 mbele (na husogeza!) we mkataba umeisha, na mwenye nyumba ameshaahidi chumba kwa mtu mwingine. Kwa hiyo ukichagua 9 usiandike miezi, andika tarehe, tena uweke na kamstari kanachosema unaweza kuongeza hadi wiki 4 kwa kodi ile ile kwa kutoa taarifa mapema. Na tafadhali kataa maneno kama "mwaka mmoja wa masomo" bila tarehe. Nimeona watu wawili wazima wanaapa kila mmoja kwa Mungu wake kwamba mwaka wa masomo unaishia mwezi anaoutaka yeye.

Kuna ya katikati ambayo mimi ndo naipendaga kuliko zote na watu hawaiombi kwa sababu hawajui kwamba inaombeka: miezi 12, ila ile 3 ya likizo nusu kodi. Hesabu yake, 900 jumlisha 150, inakuja 1050. Ni pungufu hata ya ile 1080 ya miezi 9, na vitu vyako vinabaki ndani. Mwenye nyumba naye anapata uhakika wa mwaka mzima na nyumba haikai tupu kwenye makaratasi. Kinachoshinda hapa ni kuomba mapema, kabla hajamaliza kujaza vyumba vyake. Ukienda wiki ya kufungua chuo wakati foleni iko mlangoni kwake, nani akupe nusu kodi?

Miezi 12 yenye mlango wa kutokea, au mwezi kwa mwezi?

Hapa ndo penye utamu na ndo penye mitego, ngoja nikae kidogo.

Mwezi kwa mwezi kwa mwanafunzi inasikika kama uhuru. Unatoa notisi ya mwezi, unaondoka, kwisha habari. Tatizo ni kwamba kisu kinakata kote kote: na yeye anaweza kukupa notisi ya mwezi, na hatakuuliza kama uko wiki ya mitihani au unaandika ripoti. Pia kodi anaweza kuipandisha katikati ya mwaka kama sheria ya mahali hapo haimzuii. Hii naona inamfaa mtu ambaye hana uhakika kama atabaki chuo, labda anasubiri mkopo au uhamisho, au amebakiza semista moja tu. Kwa mtu wa mwaka wa kwanza mwenye miaka 3 mbele yake sioni kwa nini ajitie roho juu.

Mkataba wa miezi 12 wenye kipengele cha kuvunja katikati ni mzuri zaidi, MRADI kimeandikwa vizuri. Na mara nyingi hakijaandikwa vizuri. Chukua mfano huu, nimeuona kwa macho yangu: mkataba umeanza 1 Septemba, kipengele kinasema "mpangaji anaweza kuvunja mkataba baada ya miezi 6 kwa notisi ya miezi 2". Soma tena. Miezi 6 inaisha mwisho wa Februari. Je, mwisho wa Februari ndo unaweza kuwa umeshatoka, yaani notisi uliitoa 1 Januari? Au kuanzia 1 Machi ndo unaruhusiwa kutoa notisi, kwa hiyo kutoka ni mwisho wa Aprili? Sentensi moja, tafsiri mbili, tofauti kodi ya miezi 2. Mpangaji anasoma ile ya kwanza, mwenye nyumba ya pili, na wote wana haki ya kusoma walivyosoma. Dawa yake ni tarehe: "notisi itatolewa kwa maandishi si kabla ya tarehe fulani, na mkataba utaisha tarehe fulani". Kama unataka kutoka 31 Mei na notisi ni miezi 2, basi barua iwe mkononi mwake kufikia 31 Machi. Weka alamu kwenye simu siku unayosaini, sio baadae, baadae utasahau, mwezi wa tatu kila mtu yuko kwenye majaribio.

Kingine uangalie kama kipengele ni cha pande zote au chako peke yako. Kama na yeye anacho, umerudi kule kule kwa mwezi kwa mwezi ila kwa nguo nyingine.

Kabla hujabishana hata neno moja, angalia sheria ya hapo ulipo inasemaje maana kuna sehemu ugomvi huu umeshamalizwa na watunga sheria. Ufaransa kwa mfano wana mkataba wa mwanafunzi wa chumba chenye fanicha, ni miezi 9, haujirudii wenyewe, na mpangaji anaweza kutoka hata kabla kwa notisi ya mwezi 1. Kuna na mwingine wa kati ya mwezi 1 na miezi 10 kwa watu wanaokaa kwa muda, wakiwemo wanafunzi. Uskoti nao toka 1 Desemba 2017 upangaji mpya wa kawaida kwa mtu binafsi hauna tarehe ya mwisho, mpangaji anatoa notisi ya siku 28 basi, ila mabweni yaliyojengwa maalum kwa wanafunzi hayamo humo. Unaona? Mtu anaweza kugombana wiki nzima juu ya kitu ambacho sheria ilishampa, au kinyume chake akadai kitu ambacho kwa bweni lake hakipo.

Umeshasaini, sasa?

Hapa silaha zako zimepungua, tuseme ukweli. Kabla ya saini ulikuwa mteja, baada ya saini ni mdaiwa. Ila njia bado zipo na watu wanazichanganya vibaya.

Ya kwanza, unapangisha mtu chumba chako kwa ile miezi ya likizo. Inahitaji ruhusa ya mwenye nyumba, tena ya maandishi, na jina kwenye mkataba linabaki lako. Yule mtu asipolipa unadaiwa we, akivunja sinki la choo umelivunja we. Ya pili, unatafuta mtu wa kukurithi mkataba mzima, anasaini yeye na mwenye nyumba, we unatoka na dipoziti yako. Kwa macho zinafanana, mtu mwingine analala kwenye kitanda chako, lakini moja inakuacha na kamba shingoni na nyingine inakuvua. Kama hurudi, pambania hii ya pili. Kama unarudi Septemba na unataka chumba chako, ile ya kwanza, ila mpangishe mtu unayemjua na muandikishiane.

Ya tatu ni kununua uhuru wako: imebaki miezi 3, unamwambia nakulipa mwezi 1 na nusu leo kwa mkupuo, tuachane kwa amani. Wenye nyumba wengi wanapenda pesa ya leo. Ila mkikubaliana hakikisha karatasi inasema wazi kwamba mkataba umeisha tarehe hiyo na hakuna anayemdai mwenzake, vinginevyo utashangaa dipoziti inakatwa "kwa ajili ya ile miezi iliyobaki". Kuondoka kimya kimya usiku na ufunguo kuuacha chini ya mlango siiweki hata kwenye mizani. Kuna sehemu, majimbo mengi ya Marekani yakiwemo, ambako mwenye nyumba analazimika kujaribu kutafuta mpangaji mwingine badala ya kukaa tu akuhesabie madeni, lakini hata huko miezi iliyokaa tupu akiwa anatafuta ni juu yako.

Na kama mko wengi kwenye mkataba mmoja kuna ugomvi wa ndani kwa ndani ambao ni mbaya kuliko wa mwenye nyumba. Wawili wanataka 12, wawili wanataka 9. Mkataba wa pamoja kawaida kila mmoja anadaiwa nyumba nzima, sio robo yake, kwa hiyo mwenzenu akikimbia baada ya miezi 9 pengo lake mnaliziba nyie. Mkataba wa kila mtu na chumba chake kodi inaweza kuwa juu kidogo na hamchagui nani anaingia chumba cha jirani, lakini muda wako ni wako. Kama hamkubaliani muda toka mwanzo, basi hilo ndo jibu lenyewe, msisaini pamoja. Urafiki hauongezi miezi.

Mazungumzo, msuluhishi au mahakama

Nilisema ntasimulia. Tulikuwa 4, nyumba moja. Dalali alituambia kwa mdomo "hii ni ya miezi 10 tu, wanafunzi wote hapa ndo hivyo", karatasi ikasema 12, hatukusoma, tukasaini tukiwa tumesimama, mmoja wetu alisainia juu ya boneti la gari. Mwezi wa 10 wa mkataba tunafunga mabegi, mwenye nyumba anatokea anauliza mnaenda wapi. Tukamtaja dalali. Dalali simu haipatikani.

Tungeenda mahakamani tungeshindwa, nasema hivi sasa nikiwa nimetulia. Kuna kanuni mahakama nyingi zinaitumia kwamba kipengele chenye utata kinasomwa dhidi ya aliyekiandika, lakini chetu hakikuwa na utata, 12 ni 12, na maneno ya mdomo ya dalali mbele ya maandishi yenye saini zetu ni upepo. Kwa hiyo pima hapo: kama mkataba una utata au una tarehe mbili zinazogongana, au una meseji yake mwenyewe inayosema "miezi 9", una kesi, na kwenye mahakama za madai madogo mara nyingi si lazima hata uwe na wakili. Kama maandishi yako wazi na yanakukataa, mahakama ni kupoteza muda na nauli.

Msuluhishi yuko katikati. Ofisi ya chuo inayoshughulika na malazi au viongozi wa wanafunzi wanaweza kuwakalisha chini, kawaida hulipi au unalipa kidogo. Hawaamui, na watakachokubaliana watu hakina nguvu mpaka kisainiwe. Nguvu yao ya kweli iko sehemu moja: kama chuo kinatunza orodha ya nyumba na mwenye nyumba anataka abaki kwenye hiyo orodha mwaka kesho, atasikiliza. Kama anapata wapangaji bila chuo atakuja kikaoni, atatikisa kichwa, ataondoka na msimamo wake ule ule.

Sisi tuliongea. Sio siku ya kwanza, siku ya kwanza tulipiga kelele. Siku ya pili mwenzetu mmoja mpole akamtumia meseji, naikumbuka karibu yote: "Shikamoo mzee. Tumeusoma mkataba, ni kweli unasema miezi 12. Hatuna uwezo wa kulipa miezi 2 bila kukaa. Tunaomba tuje kesho saa 11 jioni tujue wewe kinachokusumbua zaidi ni nini tukiondoka, na sisi tuseme tunachoweza." Tazama hiyo meseji. Amekubali anachoshindwa, amesema asichoweza, na ameuliza badala ya kudai.

Tukaenda. Mzee akatupeleka nyuma ya nyumba akatuonyesha bomba lililokatwa, nati zake bado zinang'aa kwa sababu ya kubadilishwa, akasema mwaka juzi nyumba ilikaa tupu wakaja wezi wakang'oa mabomba yote na koki zake. Hakuwa anawaza kodi peke yake. Alikuwa anaogopa nyumba bila watu. Basi mmoja wetu alikuwa anabaki mjini kwa fildi, akakaa yeye kwa robo yake tu kwa ile miezi 2, sisi 3 tukasamehewa, tukaacha nusu ya dipoziti. Iliuma ile nusu. Lakini ilikuwa ndogo kuliko kodi ya miezi 2, na mzee alituandikia karatasi.

Kwa hiyo kama uko kwenye huo mvutano leo anza na mazungumzo hata kama una kesi nzuri, nenda kwa msuluhishi ukiona hamsikilizani au amekuzidi umri na cheo kiasi kwamba unashindwa kuongea, na mahakama iwe kwa yule mwenye maandishi mkononi na mwenye nyumba aliyekataa yote mawili. Kila mnachoongea kwa mdomo kitumie usiku ule ule kwa meseji, "mzee kama tulivyoongea leo, mkataba unaisha tarehe fulani, nimeelewa sawa?", akijibu "sawa" piga skrinishoti uiweke mahali ambapo simu ikiibiwa haipotei nayo.

Ah na kitu kimoja nilitaka kukiweka juu nikasahau: nenda ukurasa wa mwisho wa mkataba utafute maneno kama "utajihuisha wenyewe" au "utaendelea kwa muda kama huo". Hapo mkataba wa miezi 9 usipotoa notisi unaweza kugeuka miezi 18 we uko nyumbani kwenu umelala. Kipengele hicho kimekatwa kwa kalamu na wote wawili mkaweka herufi za majina yenu pembeni? Poa. Hakijakatwa? Usisaini kwanza.